Subira ya Upepo, Haraka ya Barafu

Kiswahili kina maneno mawili ya kitu ambacho watu wa mwambao hawajapata kukiona kikianguka kutoka mbinguni. La kwanza ni theluji, ambalo asili yake ni Kiarabu. La pili ni barafu, lenye asili ya Kiajemi, na huko kwao maana yake ni hiyo hiyo theluji. Pwani iliyapokea maneno haya kutoka ng'ambo kama ilivyopokea tende na mazulia, ikayahifadhi kabla ya kuwa na haja nayo. Ajabu ni kwamba bahari iliyoileta nchi hii karibu na Waarabu na Waajemi ni bahari ya kaskazi, upepo wa miezi ya joto. Upepo wa joto ukawa mchukuzi wa majina ya baridi kuu.

Majina hayo yalikaa muda mrefu bila kazi kubwa. Mwezi Mei 1848 mmishonari Mjerumani Johannes Rebmann, akitokea Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima Kilimanjaro kwa mbali, na juu yake weupe uliometameta. Kiongozi wa msafara wake, mtu wa pwani aliyeitwa Bwana Kheri, alipoulizwa weupe ule ni nini, alijibu kwa neno moja: baridi. Rebmann aliandika kuwa ni theluji, na kule London mwanajiografia Desborough Cooley akambishia kwa miaka, kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Wakati wataalamu wakibishana juu ya jina, Bwana Kheri alikuwa amekwisha kusema lililo la kweli zaidi kwa mpandaji. Hakusema kitu kile kinaitwaje, alisema kinamfanya nini mtu.

Siku hizi neno barafu lina kazi nyingi, na kazi iliyo karibu zaidi na watu ni ile ya mitaani. Kiwalani, kata ya Dar es Salaam iliyo jirani na uwanja wa ndege, upande wa Kipawa na Vingunguti, barafu ni ubuyu, au ukwaju, au maziwa, yaliyotiwa katika vifuko vyembamba vya nailoni, yakafungwa fundo na kugandishwa usiku kucha ndani ya friji. Mtoto hung'ata pembe moja ya kifuko, akafyonza mpaka mwisho. Kuna mama mmoja wa huko aliyesomesha watoto kwa biashara hii. Aliijua barafu kama mvuvi anavyozijua bamvua na maji mafu. Alijua kwamba umeme ukikatika saa mbili tu, barafu hulegea; na umeme ukirudi, ile iliyolegea huganda tena lakini haiwi ile ya mwanzo. Sukari na rangi hukusanyika chini, juu hubaki maji matupu yaliyoshikana kama kioo, na mteja huonja mara moja akajua.

Mama huyu aliishi na baba yake, mzee mzaliwa wa Pemba aliyekuwa baharia wa majahazi katika ujana wake. Kiwalani hakuna bahari ya kutazama, lakini mzee hakupungukiwa na habari za upepo. Ndege hutua na kupaa zikiuelekea upepo, na njia ya kurukia ya uwanja ule imelala kati ya kaskazini-mashariki na kusini-magharibi, kana kwamba aliyeichora alikuwa nahodha. Kusi ikishika, zinazopita juu ya mabati ni ndege zinazotua, magurudumu yakiwa yameshushwa. Kaskazi ikishika, ni zile zinazopaa, zikinguruma kwa uzito wa safari. Mzee akilala kitandani kwake aliujua msimu kwa mngurumo. Alijua pia tanga mbili, zile wiki za katikati ambapo pepo hazijaamua, ndege zikija leo huku na kesho kule.

Ndani ya nyumba hiyo, mwezi Februari 2018, ndimo lilimozuka swali la theluji. Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ilikuwa ikifanyika Pyeongchang, Korea Kusini, na miongoni mwa washiriki alikuwamo binti wa miaka 19, Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi. Alihamia Austria akiwa mtoto mdogo, akajifunzia huko kuteleza juu ya theluji kwa skii, yaani zile mbao ndefu nyembamba zinazofungwa miguuni. Mwezi Januari 2017 alikuwa Mkenya wa kwanza kushindana katika mbio za Kombe la Dunia za mchezo huo, na kule Pyeongchang alikuwa Mkenya pekee. Ndiye aliyeibeba bendera siku ya ufunguzi. Mzee wa Kiwalani hakuwa na haja ya skii. Ila aliposikia Kilifi alisogeza kiti karibu na televisheni, kwa kuwa Kilifi alikuwa akiijua, na aliwahi kulala pale na chombo akingoja upepo.

Naye binti wa Kilifi alikuwa akingoja upepo. Tarehe 11 Februari mbio za wanaume za kuteremka mlima ziliahirishwa kwa sababu ya dhoruba. Kesho yake yakaahirishwa mashindano ya wanawake ya kupinda kati ya milingoti, yaitwayo slalomu kubwa, yakasogezwa hadi tarehe 15. Siku hiyo ya tarehe 12, katika mlima mwingine, wanawake wanaoruka kwa ubao mmoja waliachiwa washindane katika upepo ule ule, na wengi wao walianguka, baadhi wakajiachia tu bila kuruka kwa kuhofia maisha yao. Mzee alizitazama picha zile akatikisa kichwa.

"Wale walioahirisha ndio wenye akili," alisema. "Upepo haushindwi kwa ubishi. Nahodha anayetweka tanga katika upepo asiouamini hajaonyesha ushujaa. Subira yavuta heri, mwanangu."

"Upepo utatulia, baba, hilo silikatai," alijibu binti yake, mikono ikiwa bado ndani ya ndoo ya ubuyu. "Lakini theluji itakuwa ile ile? Na yule mtoto, nguvu alizoamka nazo leo atazikuta keshokutwa? Mimi umeme ukikatika, barafu yangu hainingoji. Ngoja ngoja huumiza matumbo."

Wahenga waliacha methali zote mbili, na msomaji anaweza kudhani kwamba mojawapo lazima iwe na kosa. Anayeyafahamu mambo ya milima ya theluji atawahurumia wote wawili, mzee na binti yake, maana tabu ya milima hiyo imejengwa juu ya methali hizo hizo mbili kugongana, na hasa wakati baridi inapoanza kuondoka, mwezi Machi na Aprili.

Majira hayo ndiyo yanayopendwa na wengi, kwa kuwa jua limerudi na siku zimerefuka. Lakini theluji yake ina saa zake. Usiku huganda, asubuhi ikawa ngumu kama sakafu ya mawe, na mbao za skii hukwaruza juu yake bila kushika. Jua likipanda, sehemu ya juu hulainika taratibu ikawa punje punje, na hapo ndipo penye utamu wote. Mtu huteremka kama mtumbwi uliopata maji mazuri. Utamu huo ni wa saa moja, mbili, labda tatu. Mchana ukiingia, theluji inakuwa uji, inazikamata mbao, inazichosha goti na nyonga, na kwenye miteremko mikali hupata uzito wa kuporomoka yote kwa pamoja na kufukia watu.

Upepo nao haufuati ratiba hiyo. Watu hupandishwa mlimani kwa viti vinavyoning'inia kwenye kamba za chuma, na upepo ukizidi viti hivyo huyumba hata vikakaribia kugonga nguzo, kwa hiyo wasimamizi husimamisha mitambo. Mtu aliyesafiri siku nzima husimama chini, mbao begani, akiutazama mteremko ulio tayari na asiweze kuufikia. Upepo ukitulia saa tisa, mitambo hufunguliwa, lakini kilicho juu sasa ni uji. Wanaoijua Cairngorm, mlima wa Uskoti wenye uwanja wa mchezo huu, wanaijua kwa upepo kuliko kwa theluji. Tarehe 20 Machi 1986, siku ambayo kalenda za kaskazini ya dunia huihesabu kuwa mlango wa majira mapya, kipimo cha upepo kileleni pake kilisoma maili 173 kwa saa. Huo ni upepo ambao majahazi yote ya Bahari ya Hindi yasingebaki na mlingoti.

Basi mtu wa skii huwekwa kati ya vitu viwili vyenye tabia mbili. Upepo humtaka asubiri, kwa maana akiulazimisha utamwangusha. Theluji humtaka aharakishe, kwa maana akichelewa hataikuta. Ghadhabu yake haina pa kuelekea, kwa kuwa kila kimoja kina haki yake.

Kwa Simader jambo hilo lilikuwa na uzito wa ziada. Slalomu kubwa ilipofanyika, tarehe 15, hakuimaliza. Ilibaki nafasi moja tu, mbio za mteremko ziitwazo super-G, tarehe 17. Mtoto wa nchi yenye timu kubwa, madaktari na mafundi wa kunoa mbao anaweza kupoteza siku akaipata nyingine wiki ijayo. Kwa mtu anayeiwakilisha nchi peke yake katika mchezo ambao nchi hiyo haina hata kilima chake, siku ikipotea huenda miaka minne ikapita kabla ya nyingine, nayo haina ahadi.

Asubuhi ya tarehe 17, baada ya swala ya alfajiri, mzee aliwasha televisheni. Mbio hizo nazo zilikuwa zimecheleweshwa na upepo. Zilipoanza, wanawake waliteremka mmoja mmoja kwa kasi ambayo gari haliruhusiwi katika Barabara ya Nyerere. Mshindi, Ester Ledecká wa Jamhuri ya Cheki, alimpita wa pili kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, muda ambao hautoshi hata kupepesa jicho, akasimama chini akiutazama ubao wa matokeo kana kwamba umekosea jina. Kisha, baada ya wakubwa, ikafika zamu ya binti wa Kilifi. Aliteremka mpaka chini bila kuanguka, akawa wa 38. Kabla yake hapakuwa na mwanamke wa Kenya aliyefika Olimpiki ya majira ya baridi.

"Kafika," alisema mzee.

"Kafika," alisema binti yake.

Kwa wenye kumbukumbu, neno hilo lilikuwa na historia. Miaka 20 nyuma, mwezi Februari 1998, Mkenya Philip Boit, mkimbiaji ambaye hakuwa ameiona theluji kabla ya kupelekwa Ufini mwaka 1996, alishiriki mbio za kilomita 10 za skii kule Nagano, Japani. Alimaliza wa mwisho, nafasi ya 92, kiasi cha dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwe. Dæhlie hakwenda zake. Alibaki kwenye mstari wa mwisho katika baridi ile, akamsubiri Boit, akampokea kwa kumkumbatia. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Kuna kungoja kwa namna hiyo pia, ambako si woga wala uvivu. Ni kungoja kwa mtu aliyekwisha kufika, akaona kuwa kufika kwake hakujatimia mpaka mwenzake naye afike.

Lakini mazungumzo ya nyumba ile ya Kiwalani hayakuishia kwenye michezo. Mzee alikuwa na dada mkubwa kule Wete, mwanamke mtu mzima sana, na hakuwa amemwona kwa muda wa miaka sita. Mwezi Julai 2012 meli ya MV Skagit, iliyotoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe katika upepo mkali wa kusi, na watu wengi wakafa. Mwaka mmoja kabla yake, Septemba 2011, MV Spice Islander ilikuwa imezama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imejazwa kupita kiasi. Mzee, ambaye katika ujana wake alivuka bahari hiyo kwa tanga bila kufikiri mara mbili, hakupanda tena chombo chochote. Hakusema kuwa anaogopa. Kila mwaka alisema anangoja bahari itulie. Kusi ikiwapo alingoja kaskazi. Kaskazi ikiwapo alingoja tanga mbili. Tanga mbili zikija alisema upepo haujaamua. Ndege zilipita juu ya bati lake kila siku zikienda visiwani, naye akizitumia kama saa ya ukutani.

"Baba," alisema binti yake asubuhi ile, televisheni ikiwa bado inaonyesha theluji, "shangazi sasa ana miaka mingapi?"

Mzee hakujibu. Lilipita kimya ambalo binti hakulikatiza.

"Upepo utakuja tena," aliendelea, kwa sauti ya heshima na bila kumtazama usoni. "Umekuja toka enzi za mababu, na utakuja tukiwa hatupo. Shangazi je?"

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo methali mbili zile zimekuwa zikilisema muda wote kwa wanaosikiliza. Subira ni hekima ya watu walioishi kwa pepo za misimu. Nahodha alikaa Mombasa au Maskati miezi kadhaa bila kuona haya, kwa sababu alichokingoja kilikuwa na ahadi ya kurudi. Kaskazi ikiondoka ilimwachia kusi, na kusi ikimwachia kaskazi, mwaka baada ya mwaka. Pwani nzima ilijengwa na kungoja huko: misikiti, ndoa, madeni, mashairi. Lakini subira hiyo ni halali kwa kinachorudi. Kwa kisichorudi, inakuwa ni njia ya heshima ya kupoteza.

Theluji ya Kilimanjaro ni shahidi. Mwaka 1912 Wajerumani Walter Furtwängler na Siegfried König walifika kilele cha Kibo, wakiwa na skii zao, wakateleza juu ya theluji ya ikweta, ile ambayo London ilikuwa imekataa kuwapo kwake. Bonge la barafu lililo ndani ya kasoko ya Kibo linaitwa hadi leo kwa jina la Furtwängler. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2009 walionyesha kuwa asilimia 85 ya eneo la barafu lililokuwapo mlimani mwaka huo wa 1912 lilikuwa limetoweka kufikia 2007. Na haitoweki kwa kuyeyuka na kutiririka tu. Kule juu hewa ni kavu na jua ni kali, na barafu nyingi hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji, ikachukuliwa na upepo. Theluji mpya ni chache mno kuifidia. Mpandaji anayesema atakwenda mwaka ujao, hali ya hewa ikiwa nzuri zaidi, ataukuta mlima na atakuta upepo. Weupe aliouona Bwana Kheri atauona umepungua tena.

Mwishoni mwa Machi mwaka ule wa 2018, kaskazi ikiwa imelegea na kusi haijashika, mzee alishuka bandarini akiwa na binti yake. Bahari haikuwa shwari kama alivyoitaka kwa miaka sita. Palikuwa na mawimbi madogo ya pembeni, na mvua za kwanza za masika zilianza kunyesha kabla hawajaiona Unguja. Alikaa karibu na mlango, mkono mmoja umeshika chuma, akihesabu mawimbi kimya kimya kama anayevuta uradi. Walilala Unguja, kisha wakaendelea. Walipofika Wete walimkuta dada mtu amekaa barazani. Macho yalikuwa yamekwisha. Aliupapasa mkono wa ndugu yake, akaufuata hadi begani, akauliza alivyokuwa akiuliza zamani kila jahazi lilipoingia:

"Umekuja na upepo gani?"

"Nimekuja bila upepo, dada," alisema mzee. "Nimechoka kuungoja."

Alikaa naye masika yote, mpaka kusi iliposhika barabara, hata binti akarudi Kiwalani peke yake kuangalia biashara. Dada yule hakuifikia kaskazi iliyofuata.

Haifai kutoka hapa na kusema kwamba mzee alikosea kuuogopa upepo. Wale wanawake walioachiwa waruke katika dhoruba ya Pyeongchang wangekuwa wa kwanza kumtetea, na maiti wa Chumbe na Nungwi wana haki ya kukumbukwa kila chombo kinapong'oa nanga. Walioahirisha mbio walifanya vyema, na aliyemaliza wa 38 alimaliza kwa sababu alingoja. Kinachofaa kuulizwa, kila mtu anapojikuta amesimama chini ya mlima wake na mbao begani, ni kile anachokingoja ni cha aina gani: ni upepo, au ni barafu.

Watoto wa Kiwalani hawaulizi. Wakiinunua barafu ya ukwaju kwa yule mama, wakati wa adhuhuri, na ndege ikipita juu yao kuelekea inakoelekea, huing'ata pembe pale pale mlangoni na kuifyonza upesi, kabla haijawatiririkia viwikoni.